UPT, beta au altrasaundi: kipimo gani kikutoe wasiwasi wa mimba ukiwa na PCOS

Karibu kila pakiti ya kipimo cha mimba ina maelekezo yaleyale: pima baada ya kukosa siku zako. Sasa wewe uliyeziona mara ya mwisho Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, na leo watu wanaulizana mwezi wa Ramadhani utaandama lini, umezikosa tangu tarehe ngapi? Kwa mwenye PCOS, yaani tatizo la homoni linalofanya yai lisipevuke kwa mpangilio, hedhi hukaa miezi miwili, mitatu, hata mitano, kisha ikaja bila hodi. Kipimo kinamwambia ahesabu kitu ambacho hana.

Nauza dawa Ngamiani, Tanga mjini. Mteja wa kipimo cha mimba namjua kabla hajafungua kinywa: anasubiri wengine waondoke, anaulizia dawa ya kichwa kwanza, halafu anainama kwenye kaunta. Wenye PCOS ndio wanaorudi mara kwa mara, na kila mmoja ana swali lake: ninunue hiki cha mkojo, niende maabara nitolewe damu, au nipande moja kwa moja hospitali ya Bombo nikapigwe altrasaundi? Kabla sijamjibu, mimi nami humuuliza: mara ya mwisho kukutana na mwenzio bila kinga ilikuwa lini? Uchaguzi wote unatokea hapo.

Hesabu inaanzia wapi

PCOS si ugumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio kwenye umri wa kuzaa anayo, na wengi hawajui. Mzunguko wao huzidi siku 35, au kwa mwaka mzima wanapata hedhi chini ya mara 8, kwa sababu yai halipevuki kila mwezi. Lakini kutopevuka kila mwezi si kutopevuka kabisa. Linaweza kutoka siku ya 40, au ya 90, na hakuna atakayekupa taarifa. "Mimi huwa sishiki" ni maneno niliyoyasikia kwa akina mama ambao leo watoto wao wako chekechea.

Kalenda ya hedhi ikigoma, iko hesabu nyingine isiyojali homoni zako zimevurugika kiasi gani. Mbegu za mwanaume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5 hivi. Yai likitoka ndani ya siku hizo likarutubishwa, mimba hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka. Ikishajishikiza ndipo homoni ya mimba, hCG, inaanza kuingia kwenye damu, na baada ya siku chache inatosha kuonekana kwenye mkojo. Chukua kila hatua kwa upande wa kuchelewa: 5, kisha 12, kisha siku chache za homoni kupanda. Unaangukia siku 21.

Kwa hiyo UPT, yaani kipimo cha mimba cha mkojo, ikisoma hakuna, na zimepita siku 21 au zaidi tangu tendo la mwisho lisilo na kinga, hilo ni jibu la kuaminika, hedhi iwe imekuja au haijaja. Nasema tendo la mwisho, si lile unaloliogopa. Kondomu iliyopasuka imo kwenye hesabu. Aliyemeza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, naye anahesabu vilevile, tena kwa uangalifu zaidi, maana P2 kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai. Ukikutana tena na mwenzio wiki ileile bila kinga, hesabu inaanza upya.

Na mwenye ndoa, ambaye hana "tendo la mwisho"? Kwake UPT ya leo inamjibu kuhusu mambo ya wiki tatu zilizopita kurudi nyuma. Za karibuni bado hazijasemewa. Kama hakuna haraka, apime tena mwezi ujao. Kama kuna dawa inasubiriwa, basi kondomu kwa wiki tatu, halafu apime. Najua si ushauri unaopokelewa kwa furaha nyumbani, ila ni wiki tatu tu.

Kikaratasi cha mkojo au damu?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, basi nitakaa kidogo.

UPT nyingi za dukani huanza kuonyesha mstari hCG ikifika takriban mIU 25 kwa mililita ya mkojo. Beta, yaani kipimo cha hCG kwenye damu kinachotoa namba, huona hata 5; chini ya hapo huhesabiwa hakuna mimba, na kati ya 5 na 25 ni eneo la kurudia kipimo. Kwenye mimba changa hCG hujizidisha maradufu kila baada ya siku mbili hadi tatu. Basi kutoka 5 mpaka 25 ni kama siku tano hadi saba. Faida yote ya damu juu ya mkojo ni hizo siku chache. Zikishapita siku 21, beta itakuambia kile ambacho kikaratasi cha bei ndogo kilikwishakuambia, na mkono utauma kwa ajili ya faraja tu. Mimi sikatai faraja, ila ijulikane ni faraja.

Damu ina mahali pake. Unahitaji jibu kabla ya siku 21, labda una upasuaji au daktari anataka kuanza dawa ambayo haiendi na mimba. Au mstari umetokea hafifu, haueleweki. Au una maumivu, au unablidi na UPT imesoma ipo. Hapo namba moja haitoshi, hurudiwa baada ya saa 48 ili ionekane inapanda, imesimama au inashuka. Au uko kwenye matibabu ya kutafuta mtoto na daktari anafuatilia. Nje ya hayo, anza na mkojo.

Ukienda maabara, uliza neno moja kabla ya kulipa: majibu yatakuwa namba, au "ipo/haipo"? Baadhi ya vikaratasi vimetengenezwa vitumike kwa mkojo na kwa majimaji ya damu pia. Maabara ikitumbukiza kikaratasi kwenye damu yako, umelipia sindano na umepata karibu jibu lilelile la chooni kwako. Beta yenyewe hurudi na namba na kiwango cha kulinganishia pembeni.

Jambo jingine ambalo wenye PCOS hasa walisikie. Nywele zikipukutika, wengi hununua vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi. Biotini ya dozi kubwa huvuruga baadhi ya mashine za maabara, na kwa hCG inaweza kushusha namba ionekane ndogo kuliko ilivyo. Mwambie mtu wa maabara unameza nini. Na kama uko kliniki ya uzazi na ulichomwa sindano ya hCG ya kupasua yai, ile ya uniti 5,000 au 10,000, kipimo kinaweza kuikamata sindano yenyewe kwa siku 10 hadi 14 na kukushangilia bure. PCOS peke yake haifanyi UPT idanganye. Homoni ya LH, ile inayochochea yai kutoka, ambayo wengi wenye PCOS huwa nayo juu, inafanana na hCG kwa nusu moja, lakini vipimo vya sasa hushika ile nusu isiyofanana.

LH huharibu kipimo kingine: kile cha kutafuta siku ya yai kutoka. Vikaratasi vyake vinafanana na UPT kama kurwa na doto, vyote vyeupe, vyote na mishale chini, na wapo wanaoviuza kutoka kasha moja. Mwenye PCOS anaweza kuona mistari miwili ya LH siku nyingi mfululizo bila yai kutoka. Soma pakiti: kama imeandikwa LH, weka chini, unayotaka imeandikwa hCG.

Kuhusu kupima kwenyewe, nikupe kisa kimoja. Alikuja dada mmoja wa Makorora, ameficha kitu ndani ya pindo la kanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Leo vipi?"

Akafungua tishu. Ndani mna kikaratasi kimekauka kabisa, na pembeni ya mstari mmoja mwekundu kuna kivuli cha mstari wa pili, kijivu, chembamba, hakina rangi ya waridi hata kidogo. Alikipima usiku, kikawa mstari mmoja, akakiacha dirishani. Asubuhi mama mkwe akiwa jikoni anapika vitumbua, yeye akakitazama tena akaona miwili, akakosa hata hamu ya chai.

Kile kivuli ni mkojo uliokauka, si mimba. Maelekezo husema soma baada ya dakika 3 hadi 5, na ikipita dakika 10 tupa, usirudi kukiangalia. Mstari wa kweli hata ukiwa hafifu una rangi ileile ya mstari wa juu. Kitumbukize mpaka ule mstari wa kikomo, usiuvuke, kisha kilaze mahali pakavu.

Halafu kuna joto letu. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Chini ya bati, Tanga, mwezi wa Februari, sijui nani anazo nyuzi 30. Usinunue dazeni ukaweka kabatini. Nunua kimoja au viwili, angalia tarehe, na pakiti iwe haijatoboka, maana unyevunyevu wa pwani ukiingia kikaratasi kimekwisha.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora kwa mimba changa kwa sababu umekaa kibofuni usiku kucha. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: ukinywa maji mengi wakati wa daku kisha ukapima alfajiri, umejipimia maji. Aliyefunga hupata mkojo mzito zaidi alasiri kabla ya kufuturu. Zikishapita siku 21 na zaidi, saa ya kupima haina uzito mkubwa, mradi usinywe jagi zima kwanza.

UPT ya nyumbani dhidi ya ile ya zahanati? Kikaratasi ni kilekile. Tofauti ni macho yanayosoma na saa inayoangaliwa. Kama unajijua una wasiwasi wa kuona mistari isiyokuwepo, nenda zahanati.

Altrasaundi

Watu huiamini kwa kuwa ni picha. Kwa kuondoa hofu ya mimba changa, ndiyo dhaifu kuliko zote. Kifuko cha mimba huanza kuonekana karibu na wiki ya 5 kwa altrasaundi ya kupitia ukeni, na kwa ile ya tumboni huchelewa kama wiki moja zaidi. Na hizo wiki zinahesabiwa kutoka hedhi ya mwisho, kwa mtu mwenye mzunguko wa kawaida. Ukitoa wiki mbili unapata umri halisi tangu yai lirutubishwe. Maana yake, siku ambayo UPT tayari ina mistari miwili, picha ya tumboni inaweza kuonyesha mji wa mimba mtupu. Mtu anatoka Pangani kwa gari la asubuhi, anapigwa picha, anaambiwa ovari zina vifuko vingi vidogo na hakuna kingine, anarudi ametulia. Ametulizwa na kipimo kilichokuja kutazama kitu kingine.

Lakini UPT ikisoma ipo, hapo altrasaundi inachukua usukani. Ndiyo inayosema mimba imekaa ndani ya mji wa mimba au nje, na ndiyo inayotoa umri. Kwa mwenye PCOS umri wa mimba hauhesabiwi kwa hedhi ya mwisho, kwani atapewa wiki 22 wakati mtoto ana wiki 8. Kipimo cha urefu wa mtoto katika miezi mitatu ya mwanzo ndicho sahihi zaidi. Mwambie nesi wa kliniki hivyo kabla hajaandika tarehe ya kujifungua kwenye kadi.

Ipo hali moja adimu ambapo picha huishinda UPT: mimba kubwa. hCG ikiwa nyingi mno, kikaratasi huweza kuzidiwa na kusoma hakuna, kwa mfano kwenye mimba zabibu, ile isiyo ya kawaida inayojaa vifuko kama zabibu. Tumbo linakua na UPT inakataa? Usibishane na kikaratasi, kapige picha.

Kusubiri, au vidonge vya kuleta damu?

Hili linanikera, nitalisema wazi. Mtu hajaona siku zake miezi mitatu, anakuja kuomba norethisteroni, "nikimeza nikiblidi nitajua sina mimba". Mpangilio umepinduliwa. Vidonge hivi, au medroksiprojesteroni, daktari huviandika kwa siku 5 hadi 10, na damu huja siku chache baada ya kuviacha, kwa kawaida ndani ya wiki moja, mara nyingine mbili. Kabla ya kumeza hata kimoja ndipo wasiwasi wa mimba unatakiwa uwe umeshaondolewa kwa kipimo. Vidonge si kipimo.

Tena damu yenyewe si shahidi. Takriban robo ya mimba huwa na kublidi kidogo au kwingi katika miezi ya mwanzo. Na mwenye PCOS huweza kutokwa damu bila yai kupevuka kabla yake; ukuta umenenepa hadi ukabomoka wenyewe. Matone ya siku mbili ya rangi ya kahawia hayafuti hesabu ya siku 21. Kinyume chake pia: umemeza ukamaliza, wiki mbili zimepita bila tone, usirudie dozi kwa ushauri wa jirani. Pima tena, kisha rudi kwa aliyeandika.

Sisemi usiletewe hedhi. Kukaa zaidi ya miezi mitatu bila damu na bila dawa yoyote, mwaka baada ya mwaka, kunauacha ukuta wa mji wa mimba uendelee kunenepa, na hilo huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Vidonge vina kazi. Ila viwe vya pili, UPT ya kwanza.

Utaratibu huohuo ushike kwa dawa nyingine za PCOS. Spironolaktoni ya nywele za kidevuni, finasteridi, dawa za chunusi za isotretinoini, statini za kolesteroli: hizi zinataka uhakika kwamba huna mimba na kinga ya kueleweka wakati unazitumia. Metformini ina hadithi tofauti. Haihofiwi kwa mimba kama hizo, bali huweza kurudisha yai likaanza kutoka, na aliyezoea "sishiki" akashika. Na kichefuchefu chake cha wiki za mwanzo kinafanana mno na cha mimba, kwa hiyo usijipime kwa kutapika. Matiti kuuma, tumbo kujaa, uchovu: vyote PCOS na dawa zake wanaviweza bila mtoto yeyote. Chumvi, sukari na dawa ya meno kwenye kikombe cha mkojo sina la kuviongezea. Povu ni povu.

Maswali badala ya kipimo

Kliniki za uzazi wa mpango zina orodha ya maswali ya Shirika la Afya Duniani ambayo humwezesha mhudumu kuamini huna mimba bila UPT. Hujakutana na mwanaume tangu hedhi ya mwisho? Unatumia njia ya uhakika bila kukosea? Umejifungua chini ya wiki nne zilizopita? Unanyonyesha tu, mtoto hajafika miezi 6, na hedhi haijarudi? Mimba imetoka ndani ya siku 7? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, na huna dalili za mimba, inatosha.

Swali linalowachanganya wenye PCOS ni lile la kama uko ndani ya siku 7 tangu hedhi ya kawaida ilipoanza. Neno zito hapo ni ya kawaida. Damu iliyokuja baada ya siku 70, nyepesi, tofauti na unavyoijua, usiijibie ndiyo. Omba UPT, haichukui hata muda wa foleni.

Haipo, na hedhi nayo haipo

UPT mbili zimesoma hakuna, ya pili ikiwa zaidi ya siku 21 tangu tendo la mwisho, na bado kimya. Wasiwasi wa mimba umeuondoa. Lisilofaa ni kuendelea kununua kipimo kila Ijumaa. Siyo kila ukimya ni PCOS hata kama umeshaambiwa unayo: tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa) iliyopanda, kupungua uzito ghafla, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, vyote huzuia hedhi. Ikizidi miezi mitatu mwone daktari wa wanawake, umemwandikia tarehe zako za damu, za vipimo na majina ya dawa zote, za nywele zikiwemo.

Kitu kimoja hakisubiri siku 21 wala miezi mitatu. Maumivu makali ya tumbo chini, hasa upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, maumivu yanayopanda begani, pamoja na kublidi au bila, kwa mtu yeyote anayeweza kuwa na mimba: huenda imekaa kwenye mrija. Usiku wa manane, mvua ikinyesha, chukua bajaji uende hospitali, na ukifika mapokezi sema mapema kwamba hedhi yako haina mpangilio, ili wasikupitishe kwa kuwa hukumbuki tarehe.